MOTO KATIKA MELI KUUKUU

(Hotuba iliyosomwa na fundi wa stima za meli mbele ya mkutano wa wanachama wa bandarini. Tunaichapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamuni na hawakuweza kuhudhuria.)



Katibu aliniomba niseme juu ya hatari ya stima na moto katika meli kuukuu za abiria. Nitajitahidi kusema kwa maneno ya kawaida ili fundi na asiye fundi, kuli, baharia na mpishi, wote tuelewane. Nitataja mambo yaliyotokea kweli, na miaka yake, na hesabu ya watu waliokufa. Kisha nitasema yanatuhusu nini sisi tunaopanda ngazi ya meli kila asubuhi na tungependa kuishuka jioni.

Huenda ndugu mmoja akauliza: hizo meli kubwa za abiria ziko wapi leo? Swali hilo ni la haki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kilindini ilizoea kuziona Kampala na Karanja zikitoka Bombay, Uganda na Kenya zikitoka London, na zile za Union-Castle zilizozunguka Afrika. Zote zimekwisha ondoka baharini. Katika dunia nzima zimebaki chache, na baadhi yake zimefungwa gatini na kufanywa hoteli. Queen Mary, iliyoanza safari mwaka 1936, iko Long Beach, Marekani. Queen Elizabeth 2 iko Dubai, na mwaka 2018 ilifunguliwa kuwa hoteli. Vijana wetu wengi wako huko Ghuba wakifanya kazi.

Lakini meli kuukuu hazijakwisha. Meli za mizigo zilizochakaa, matagi, matishari na vivuko vingalipo, na sisi ndio tunaoitwa kuzitengeneza. Waya uliooza haujui kama umo ndani ya meli ya matajiri au ndani ya tagi. Meli za abiria ni shule kwetu kwa sababu ajali zake zilichunguzwa, mashahidi wakahojiwa, na yaliyoonekana yakaandikwa. Ajali ya kibarua mmoja ndani ya tishari mara nyingi huandikwa mstari mmoja tu, au haiandikwi kabisa.

STIMA INAVYOWASHA MOTO

Ndugu zangu, stima ikipita katika waya, waya hupata joto. Joto hilo halizidi kwa kadiri ile ile ya mkondo. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukiongezwa mara tatu, joto huzidi mara tisa. Shikeni hesabu hiyo vizuri, maana ndiyo inayoteketeza meli.

Tuseme meli iliundwa miaka arobaini iliyopita, na kabini ikawekewa taa mbili na feni moja. Waya uliopitishwa ulikuwa wa kazi hiyo. Baada ya miaka kumi mwenye meli anaongeza taa ya kitandani. Baada ya mingine kumi, friji ndogo. Kisha abiria anachomeka chombo cha kupasha moto cha wati 2,000, nacho katika stima ya volti 220 kinavuta ampia 9 peke yake. Waya ni ule ule wa siku ya kwanza. Fyuzi inakatika, kama ilivyo kazi yake. Sasa anaitwa fundi, na anaambiwa, "Abiria analalamika, fanya upesi." Akifunga waya mnene mahali pa fyuzi, taa zinawaka, abiria anafurahi, msimamizi anafurahi. Lakini mlinzi wa pekee wa kabini ile amefukuzwa kazi. Tangu saa hiyo kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, nao uko nyuma ya ukuta wa mbao mahali asipoona mtu.

Jambo la pili ni ngozi ya waya. Katika meli za zamani nyaya nyingi zilivishwa mpira, na juu yake risasi au chuma cha kusukwa. Mpira ukikaa miaka mingi penye joto la injini na mvuke na mafuta hukauka, huwa mgumu, hupasuka kama udongo wa jua kali. Ukiuacha bila kuugusa waweza kukaa. Siku fundi anapoupinda kidogo ili aongeze taa, ngozi inamwagika yote. Ndiyo sababu nawaambia vijana: katika meli kuukuu, kazi ndogo ya dakika tano haipo. Kabla ya kuunga waya, pima kwa mega, na baada ya kuunga, pima tena.

Jambo la tatu ni kiungo kilicholegea. Meli hutikisika mchana na usiku. Skrubu iliyokazwa vizuri mwaka huu, mwaka ujao imelegea. Kiungo kilicholegea hutoa joto na cheche, na fyuzi haikatiki, kwa sababu mkondo wenyewe haukuzidi. Hapo chumvi ya bahari huongeza kutu, kutu huongeza joto, na joto hulegeza zaidi.

Jambo la nne linahusu stima ya D.C., iliyotumika katika meli nyingi za zamani. Stima ya nyumbani kwetu hugeuka kwenda na kurudi, na kila sekunde moja hufika sifuri mara 100. Kwa hivyo cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Stima ya D.C. haina mapumziko hayo. Cheche ikianza kati ya ncha mbili za waya, yaweza kuendelea kuwaka kama moto wa kulehemu. Kwa hivyo usichukue swichi yo yote ya dukani ukaifunga katika waya wa D.C. kwa sababu tu inaingia katika tundu.

Jambo la tano, na hapa mafundi nisikilizeni sana. Katika meli nyingi nyaya zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zimetengwa na chuma cha meli. Moja ikiguswa na chuma, hakuna kinachotokea. Taa zinawaka, injini zinakwenda, fyuzi haikatiki. Mtu akifikiri kwamba hakuna hatari amekosea, maana sasa meli nzima imekuwa sehemu ya waya huo. Siku waya wa pili utakapogusa chuma, hata kama ni mahali pengine mbali kabisa, hapo ni shoti ya meli nzima. Ndiyo sababu kwenye bodi kuu huwekwa taa mbili za kuonyesha kasoro ya waya. Zikiwaka sawasawa, vema. Moja ikififia na nyingine ikang'aa, upande wa ile iliyofifia umegusa chuma. Nimepanda meli ambayo taa moja ilikuwa imefifia, na nilipouliza niliambiwa, "Hiyo ni hivyo siku zote." Hilo ni jibu la mtu aliyezoea kulala juu ya sanduku la baruti.

YALIYOTOKEA BAHARINI

Georges Philippar ilikuwa meli ya Wafaransa, nayo ilikuwa mpya kabisa. Usiku wa tarehe 16 Mei 1932, ikirudi kutoka Mashariki katika safari yake ya kwanza, ilishika moto katika Ghuba ya Aden, karibu na pembe ya Somalia. Moto ulianza katika kabini ya abiria, na kasoro ya stima ndiyo iliyoshukiwa. Watu wapatao 50 walikufa, na mmoja wao alikuwa mwandishi mashuhuri wa magazeti, Albert Londres. Mamia waliokolewa na meli ya mafuta ya Warusi na meli mbili za Waingereza. Nimeitaja hii kwanza ili mtu asiseme kwamba ukuukuu peke yake ndio hatari. Meli ile ilikuwa na mapambo mengi ya mbao, na mbao mpya pia huungua.

Sasa tazameni Lakonia. Iliundwa Uholanzi mwaka 1930 kwa jina la Johan van Oldenbarnevelt, kisha ikauzwa kwa Wagiriki na kupewa jina jipya na rangi mpya. Desemba 1963 ilitoka Southampton na abiria wa matembezi ya Krismasi. Usiku wa tarehe 22, kaskazini ya kisiwa cha Madeira, mtumishi mmoja aliona moshi katika duka la kinyozi. Mlango ulipofunguliwa, moto ulitoka kwa nguvu. Abiria wengi walikuwa katika ukumbi wa dansi. Kengele ya hatari ililia kwa sauti ndogo, wengine hawakuisikia. Baadhi ya mashua ziliungua, nyingine zilishindwa kushushwa. Watu 128 walikufa, na wengi wao hawakufa kwa moto bali majini, kwa baridi na kwa kungoja. Kasoro ya nyaya za stima ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Meli ilikuwa na umri wa miaka 33.

Ndugu zangu, rangi mpya haitengenezi waya. Mwenye mali akinunua meli kuukuu hupaka rangi kwanza, kwa sababu rangi yaonekana na abiria. Nyaya zilizo nyuma ya mbao hazionekani, wala haziuzi tikiti.

Baada ya miaka miwili tu ikaja zamu ya Yarmouth Castle. Iliundwa Marekani mwaka 1927, lakini ilikuwa imeandikishwa Panama. Tarehe 13 Novemba 1965, ikitoka Miami kwenda Nassau, moto ulianza katika chumba namba 610. Chumba hicho hakikuwa na msafiri. Kilikuwa kimefanywa stoo ya magodoro na takataka nyingine, na ndani yake hamkuwa na bomba la kunyunyiza maji. Kuta zilikuwa za mbao na rangi iliyopakwa juu ya rangi miaka mingi. Moto ulipanda ngazi za katikati kama unavyopanda bomba la jiko. Chumba cha redio kiliungua, na meli haikuweza kutuma neno lo lote la kuomba msaada. Kengele ya hatari haikulia. Kapteni aliondoka katika mashua ya mapema na kuifikia meli ya Finnpulp, naye akaambiwa arudi. Watu 90 walikufa. Kama Finnpulp na Bahama Star hazingalikuwa karibu, hesabu ingalikuwa kubwa zaidi.

Baada ya ajali hiyo sheria za kimataifa za usalama wa meli zilirekebishwa mwaka 1966. Zikarekebishwa tena baada ya Scandinavian Star, meli iliyochomwa makusudi tarehe 7 Aprili 1990 na kuua watu 159, ambamo mabaharia wengi na abiria hawakuwa na lugha moja ya kuelewana wakati wa hatari. Mwisho wake ni kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2010 meli kuukuu za abiria zenye mapambo yanayoungua kwa urahisi zilikatazwa safari za kimataifa. Hesabuni: tangu Lakonia hadi sheria hiyo kushika kazi kamili ni miaka 47. Sheria hutembea kwa miguu. Moto hutembea kwa mbawa.

STIMA IKIKATIKA

Hatari ya stima si kuwasha moto tu. Ikikatika wakati wa moto ni hatari ya pili. Empire Windrush ilikuwa meli ya Wajerumani ya mwaka 1930, Waingereza wakaichukua mwisho wa vita na kuifanya ya kubebea askari. Tarehe 28 Machi 1954, katika bahari ya Mediterania karibu na Algeria, moto ulilipuka katika chumba cha injini. Watu wanne waliokuwa kazini humo wakafa pale pale. Stima ikakatika meli nzima. Jenereta za akiba ziliwashwa, lakini swichi yake kuu ikajikata, zikawa hazina faida. Milango ya chuma iliyotegemea stima haikufungika. Kipaza sauti hakikusema, na kushusha mashua kukawa kazi ya taabu. Abiria wote, zaidi ya elfu moja, waliokolewa. Waliokufa ni wale wanne wa chini.

Ndugu mabaharia, nadhani mmeona mambo yanavyokwenda. Moto wa injini humkuta kwanza mtu wa zamu, ambaye jina lake haliko katika gazeti la abiria. Kwa hivyo jenereta ya akiba ni mali ya mtu wa chini kuliko mtu mwingine ye yote. Msikubali ijaribiwe kwa kuandika kitabuni tu. Iwashwe, na ibebeshwe mzigo wa taa na pampu, tuone kama inaweza.

Mfano mwema nao uko. Sun Vista iliundwa Italia na kuanza safari mwaka 1963. Mei 1999, katika mlango wa bahari wa Malaka, bodi yake ya stima ilishika moto katika chumba cha injini. Moto ulianza mchana, na usiku ule ule meli ikazama. Watu zaidi ya elfu moja walikuwamo, na wote waliokolewa. Meli ilipotea, lakini watu waliwekwa mashuani mapema, kabla mambo hayajaharibika.

MOTO GATINI

Wengine mwasema, "Sisi si mabaharia, sisi hufanya kazi meli ikiwa imefungwa." Basi sikieni habari ya Normandie, meli kubwa ya Wafaransa, tani zaidi ya 80,000. Tarehe 9 Februari 1942 ilikuwa gatini New York ikigeuzwa kuwa ya askari. Wafanyakazi walikuwa wakikata vyuma kwa moto wa gesi katika ukumbi mmoja, na karibu yao palikuwa na rundo la makoti ya kuokolea. Makoti yale yalijazwa usufi. Hapa Pwani hakuna asiyeujua usufi, huo huo tunaojazia mito na magodoro, na kila mtoto ajua unavyoshika moto. Cheche moja ilitosha. Mitambo ya meli ya kutambua moto ilikuwa imekatwa kwa sababu ya matengenezo. Mipira ya maji ya zima moto haikuingia katika mabomba ya meli, kwa kuwa vifungio vya Kifaransa na vya Kimarekani vilikuwa mbali mbali. Kisha maji yakamwagwa mengi mno upande mmoja, na usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ikalala ubavu pale pale gatini.

Katika habari hiyo mna makosa manne, na hakuna hata moja lililo la ajabu: kufanya kazi ya moto karibu na vitu vinavyoungua, kukata kengele bila kuweka mtu mahali pake, kutojaribu mapema kama mpira unaingia katika bomba, na kumwaga maji bila kufikiri yatatokea wapi. Je, ni nani kati yetu asiyeliona angalau moja la hayo kila mwezi?

VUMBI LILILO NYUMA YA UKUTA

Liko jambo moja ambalo halina moto lakini limezaliwa na hofu ya moto. Watu wa zamani, ili kuzuia moto, waliweka asbesto kila mahali: kuzunguka mabomba, nyuma ya mbao, juu ya nyaya. Asbesto haiungui, hilo ni kweli. Lakini vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na huleta ugonjwa wa mapafu na kansa baada ya miaka ishirini au arobaini, wakati kontrakta aliyekuajiri hayuko tena. Tangu tarehe 1 Januari 2011 sheria za kimataifa zakataza kabisa kuweka asbesto mpya katika meli. Ile ya zamani imebaki mahali pake. Kwa hivyo fundi akiambiwa avunje ukuta wa meli kuukuu afuate waya, aulize kwanza ukuta umejazwa nini. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Wala usiende nyumbani na nguo hizo ukamkumbatia mtoto.

TUFANYE NINI?

Bwana Mwenyekiti, watu husema ajali haina kinga. Neno hilo hutumika matangani kwa kuwafariji wafiwa, na kwa kazi hiyo ni neno zuri. Lakini siku hizi nalisikia katika ofisi za wenye kazi, na huko si mahali pake. Katika ajali zote nilizozitaja, kinga ilikuwako. Fyuzi ni kinga. Mlinzi wa moto ni kinga. Kengele inayosikika ni kinga. Mahali pengi kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapana" kwa wakati wake.

Na sasa nitasema jambo gumu. Kibarua wa kutwa akikataa kazi, kesho hachukuliwi. Yule mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba akiambiwa, "Funga waya hapo badala ya fyuzi," atafunga. Mimi simlaumu. Siwezi kumwambia mtu asimame peke yake mbele ya njaa. Ndiyo sababu tuna chama. Kukataa kwa mtu mmoja ni kufukuzwa. Kukataa kwa genge zima, pamoja na wakilishi wa chama na karatasi iliyoandikwa, ni mazungumzo.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari iliyo karibu aitoe habari kwa msimamizi, na asilazimishwe kurudi mahali pale maadamu hatari ingalipo. Na kwa mabaharia, Kenya iliukubali mwaka 2014 ule Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini ni kama mtungi wa moto usio na kitu ndani.

Kwa hivyo naomba mkutano huu uyatazame mambo haya sita, na ukiyakubali, Katibu ayaandike na kuyapeleka kwa waajiri:

1. Kazi yo yote ya kulehemu au kukata kwa gesi ndani ya meli isianze bila kibali kilichotiwa sahihi, kinachoonyesha chumba, saa, na jina la mtu aliyetazama upande wa pili wa ukuta. Joto hupita katika chuma, na moto mara nyingi huanza chumba cha jirani.

2. Kila kazi ya namna hiyo iwe na mlinzi wa moto mwenye mpira wa maji uliojaribiwa, asiyepewa kazi nyingine, na akae pale saa nzima baada ya kazi kwisha. Saa hiyo ilipwe.

3. Fundi wa stima afunge swichi kuu kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwake, na kibao chenye jina lake kitundikwe hapo. Asifungue mtu mwingine.

4. Fyuzi za kila kiasi ziwepo stoo. Msimamizi anayeamuru waya ufungwe mahali pa fyuzi aandike amri hiyo na kutia sahihi. Nawahakikishia kwamba hakuna atakayetia sahihi.

5. Hesabu ya watu walioingia melini itunzwe ngazini. Meli nyingi huzima moto wa injini kwa hewa ya kaboni daioksaidi, ambayo huua moto kwa kuukosesha pumzi, na mtu humwua hivyo hivyo. Asifungue mtu hewa hiyo kabla hesabu ya watu haijatimia.

6. Kabla ya kuanza kazi katika meli yo yote, genge lionyeshwe njia mbili za kutokea, na lielezwe kwa lugha wanayoielewa kengele ya hatari inalia namna gani.

Kwa sisi wenyewe nina machache. Moto wa stima usimwagiwe maji kabla swichi haijakatwa. Tumia mtungi wa unga au wa kaboni daioksaidi. Mlango wenye joto usiufungue upesi. Gusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Moshi ukijaa, tambaa, maana hewa njema iko chini. Usivute sigara penye betri, kwa kuwa betri ikijazwa hutoa gesi inayolipuka. Matambara yenye mafuta yasiachwe pembeni. Na taa ya waya mrefu unayoingia nayo tangini, itazame kila asubuhi kama unavyotazama chakula cha mtoto.

Jambo la mwisho ni habari zenyewe. Nawaomba wakilishi wetu katika kila kampuni waanze kitabu. Kila cheche, kila waya uliopata moto, kila taa iliyofifia kwenye bodi, hata kama hakuna aliyeumia, iandikwe: siku, meli, chumba, na msimamizi alisema nini. Wakaguzi wakija tuwape kitabu, tusiwape manung'uniko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ambao haukuandikwa hakuna atakayekiri kwamba aliuona.

Nimesema ya kutosha. Wenye maswali waulize, hasa vijana wanaojifunza kazi. Nami naomba, Bwana Mwenyekiti, yale mambo sita yapigiwe kura leo kabla hatujatawanyika, maana Jumatatu asubuhi kuna watu wetu watakaoingia melini.